Sili

Nianze na ombi. Ukinikuta steji usiniulize kama nishakula. Najua wengi mshaisikia hii stori lakini mmeisikia vibaya, kuna mmoja alinambia ati mi ndo yule jamaa aliyegoma kula baharini, mwengine kaambiwa Malindi kuna nguva mwanamume anajua Kiswahili. Basi leo naisema mwenyewe, na mkicheka angalau mcheke ukweli.

Mi naendesha tuktuk. Wateja wangu wengi ni wa hapa hapa, mama katoka soko na mafurushi yake, watoto wa skuli, lakini kusi la mwaka jana nkapata mgeni mmoja mzungu wa Cape Town, mtu wa kupanda mawimbi, kila alfajiri namchukua na ile bodi yake ndefu inatokeza nje ya tuktuk kama mkono wa mtu anayesimamisha matatu. Ghuba yetu aliipenda sana. Pale mbele ya mji hakuna mwamba wa kuyavunja mawimbi kabla hayajafika, si kama Watamu, na kusi likivuma mwezi wa sita mpaka wa nane mawimbi yanakuja yamejipanga vizuri, si makubwa ya kutisha, ya kutosha tu mtu kujivunja shingo kwa heshima. Tatizo ni rangi. Sabaki unamwaga kaskazini ya mji, na huo mto ndo ule ule Athi unaoanzia pande za Nairobi huko, ukapita Tsavo ukiitwa Galana, ukifika kwetu ushabeba udongo wa watu wote wa bara bila kulipa nauli. Maji yanakuwa chai ya maziwa. Ukitia mguu huuoni tena mpaka utoke.

Sasa njiani ndo alikuwa ananipa habari za sili. Mi sili sikuwa namjua, akanionyesha kwa simu. Kitu kama mbwa aliyesahau kuvaa miguu. Macho makubwa meusi, masharubu, kichwa mviringo, mwili unang'aa kana kwamba umepakwa mafuta (hii ya mafuta muiweke akilini). Akasema kwao wamejaa, dume likikua linapita kilo 200, na wanakuja pale pale kwenye mawimbi, wanateleza na wimbi moja na wewe, wanapita chini ya bodi, wanaibuka wanakuchungulia usoni kisha haoo. Wengi hawana neno, wanacheza tu. Alafu akashusha sauti. Akasema mwaka 2024 baadhi ya wale waliokuwa wanauma watu kule kwao walipimwa wakakutwa na kichaa cha mbwa.

Nkamuuliza, kichaa cha mbwa, samaki? Akasema si samaki, ni mnyama, ananyonyesha. Na akikuuma ni sindano, tena si moja.

Nkapunguza mwendo. Sindano mi siziwezi, mwanangu wa kwanza alipochomwa chanjo ni mimi niliyelazwa kwenye benchi nikapepewa.

Na hakuishia hapo, akanambia wapo binamu zao California, simba-bahari, hao nao wana masikio madogo kwa nje na wanatembea nchi kavu kwa mapezi kama wale wa kwao. Hao mwaka 1990 walivamia gati la mashua San Francisco, wenye mashua ndo wakahama, na wao mpaka leo wapo wanaota jua na watu wanaenda kuwapiga picha. Na mwaka 2025 huko huko California ukatokea mwani wa sumu, samaki wadogo wakaula, simba-bahari wakala samaki, sumu ikawapanda ubongoni, wakawa wanarukia watu wa bodi. Dawa yake, akasema, ukimwona mmoja usimwendee, usipige kelele, jiondokee taratibu. Nkaitikia ndiyo ndiyo kama nnavyoitikia wateja wote, na lile swali la maana sikuliuliza: huku kwetu wapo? Hawaishi huku. Ningeuliza mngekuwa mnasoma mambo mengine saa hizi.

Siku ya kuondoka akaniachia zawadi, bodi kuukuu imemeguka mkiani na ile suti nyeusi ya mpira wanayovaa huko kwao ambako bahari ni friji. Maji ya Malindi hata kusi liwe kali ni nyuzi 25 kwenda juu, watu wanaoga na kaptula. Lakini mi niliona ile suti ndo yunifomu, bila hiyo huwezi kuhesabika.

Yule mzungu ni mwembamba. Mi nna kitambi cha kukaa kwenye tuktuk miaka kumi na moja. Jumapili ile, saa kumi na moja alfajiri, niko bafuni, suti imefika magotini ikakataa. Nkaivuta, nkairukia, nkakaa chini nkaikanyaga na kisigino, hola. Ndo nkaiona chupa ya mafuta ya nazi ya mke wangu, ya nywele, imejaa. Nkajimwagia yote kuanzia shingoni. Wallahi ikaingia, nkasikia raha, na zipu nkaifunga mbele kama jaketi. Baadaye ndo nkaambiwa zipu ni ya mgongoni. Kwa hivo kifua cha suti kilikuwa mgongoni kwangu, mabega yamevutwa nyuma, mikono haishuki, imekaa kama mapezi, na ule ugwe mrefu wa zipu unaning'inia mbele kama wa mbuzi aliyetoroka.

Mpwa wangu, mtoto wa shangazi wa... la, wa dada yangu, nimechanganyikiwa nikikumbuka, huyo mpwa nkaenda naye anishikie simu anirekodi. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini akasema, "Mjomba, umekuwa mweusi vizuri." Kijana ana adabu.

Wenye kazi yao bodi wanaisugua nta ndo usiteleze. Nta sikuwa nayo, na mafuta nnayo mwili mzima, yametoka shingoni yamenipaka mikono na kidevu. Nkajilaza kwenye bodi, nkatokea upande wa pili. Nkarudi, nkatokea mbele. Mara ya tano nkagundua ukishika kingo kwa kucha na kubana pumzi unakaa kidogo. Basi nkakaa hivo, nkapiga maji na yale mapezi yangu mpaka nkafika mbali kidogo ambako miguu haigusi, nkatulia nasubiri wimbi la maana. Jua linachomoza. Nkajiona mtu.

Kitu kikagonga bodi kutoka chini. Gu.

Nkasema gogo. Sabaki unaleta magogo, hilo linajulikana. Lakini gogo likikugonga linakaa hapo hapo mnasukumana, hiki kiligonga kikapita, nkakisikia kinasugua bodi kuanzia tumboni mpaka magotini kwangu kwa chini, krrrr, taratibu. Nkaanza kusoma kila ninachokumbuka, na nikajua pia kwamba nnachokumbuka ni kidogo. Alafu nyuma yangu, karibu mno, kama hatua mbili, nkasikia pumzi. Fuuuuh. Pumzi ya mtu mzima aliyechoka na maisha.

Nkageuza shingo, shingo tu, maana mabega yalikuwa hayageuki. Kichwa. Cheusi, mviringo, kimelowa, na jicho moja kubwa linaniangalia bila haraka kama karani aliyebakisha dakika kumi afunge ofisi.

Yule mgeni alisema usimwendee, usipige kelele, ondoka taratibu. Mi nlitaka kuondoka, mafuta ndo yakanitoa, nkachomoka juu ya bodi kama kokwa la embe mkononi na nkatelezea upande ule ule aliko yeye, mguu ukampiga kitu kigumu kama karai. Hapo sauti ilinitoka ambayo sikujua kama nnayo.

"Siliiii! Siliiii!"

Mbele yangu huko kulikuwa na mtumbwi unarudi, wavuvi watatu, nahodha mzee na vijana wawili. Walichoona wao walinisimulia baadaye, tena kwa furaha sana. Waliona kitu cheusi kinang'aa kwenye maji ya udongo, kichwa kinazama kinaibuka, mapezi mafupi yanapiga huku na huku. Kijana wa mbele akasema nguva. Nahodha akasema nguva hana kelele hizo, huyo ni kiboko mchanga, kashuka na mto, maana pale mdomo wa Sabaki viboko wapo kweli. Kijana wa pili akasema, "Kiboko gani anasema sili?"

Wakanyamaza wakasikiliza. Siliiii!

Yule wa mbele akasema, "Labda anatutoa hofu. Anatuambia yeye hali watu."

Lakini hofu haikuwatoka, maana nilichoona mimi ni mtumbwi unanijia na kimia kinafunguka hewani kizuri kabisa, duara kamili, kikanishukia kichwani na risasi zake zote. Vidole vikanasa, ule ugwe wa zipu ukajifunga na kimia, nkivuta huku nakabwa kule. Nkaangalia juu nkamwona nahodha kasimama, pondo liko juu kwa mikono miwili, na uso wa mtu anayechagua pa kupiga. Sijui ilinijia wapi. Nkasema kwa sauti ya adabu kabisa:

"Asalaam aleikum."

Yule mzee ni mtu wa msikiti, na salaam hujibiwa. Pondo likasimama hewani. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaniangalia mimi. Akalishusha taratibu.

"Waaleikum salaam. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nkamtaja baba. Akafikiri kidogo. "Wa Barani?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mbona uko hivyo?"

Hilo sikulijibu, nlikuwa bado naangalia maji. "Nahodha, sili! Sili yuko hapa!"

"Huli nini, mwanangu? Hata hatujakukaribisha." Na yule kijana wa mbele, nlimwona kwa macho yangu, akavuta mahamri yake yaliyofungwa kwenye gazeti akayaficha nyuma ya mguu.

Walinipandisha kwa taabu. Kila wakinishika nateleza, wananishika kwapa natoka, wananishika mguu natoka, nahodha akauliza kama nimekaangwa. Mwisho wakanivuta na kimia chake kama pweza. Nkiwa chini ya mtumbwi nahema, ikaja tena ile pumzi, fuuuuh, ubavuni mwetu kabisa, nkajikunja. Wao wakachungulia, wakaanza kucheka, wakacheka mpaka mtumbwi ukayumba.

Ni kasa.

Kasa mkubwa wa watu, gamba limemeguka kidogo nyuma, nahodha akasema huyo wanamjua, yuko pale siku zote, kazi yake kula majani ya chini na kupanda juu kuvuta pumzi. "Nyama hata hagusi," akasema. "Basi huyu ndo angesema sili. Wewe na tumbo hilo?" Kasa akatuangalia mara moja na jicho lile lile, akazama. Nami badala ya kushukuru Mungu nkaanza hofu mpya, maana kasa analindwa na sheria na mi nshampiga teke, nkawaza askari wa wanyamapori wakija nitawaambia nini, niko na mavazi gani ya kujitetea.

Bodi ilienda zake ufukweni peke yake, ilipanda wimbi zuri kuliko yote ya siku ile.

Zipu ilijaa mchanga ikakataa kufunguka, kwa hivo nliendesha tuktuk mpaka nyumbani vile vile, mikono imetokeza pembeni. Pale karibu na soko mama mmoja na kapu lake akanisimamisha, akainama kuingia, akaniona, akasema atatembea tu, si mbali.

Na ile video? Mpwa wangu alirekodi dakika sita za kidole chake. Picha hakuna kabisa, ila sauti imetoka safi sana, ile siliii siliii, alafu kimya, alafu asalaam aleikum. Akaituma kwenye grupu la familia kabla hata sijatoka majini. Nlipofika mlangoni mke wangu ashaisikiliza, nadhani mara kadhaa, maana macho yalikuwa mekundu. Kwenye meza kuna mahamri yamefunikwa na kawa, mbaazi za nazi zinatoa moshi, na mi tangu chakula cha usiku sijatia kitu tumboni. Nkanyoosha pezi. Akaivuta sahani.

"Si huli wewe?"

"Mama watoto, nisikilize. Sili mnyama!"

"Na nani kakwambia kuna nyama? Ni mbaazi," akasema, akaenda kuangalia chupa yake ya mafuta bafuni.