Punguzo la Muda Lisiloisha

Kuna ujumbe wa sauti unazunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp huku Marekani. Jamaa anaeleza kwa utulivu kabisa kwamba sheria ya kodi aliyoisaini Trump tarehe 4 Julai 2025 itajilipa yenyewe: kodi ikishuka uchumi unakua, uchumi ukikua serikali inakusanya zaidi, na deni la taifa linaanza kupungua. Nimetumiwa mpaka na shangazi yangu, ambaye hajazi fomu ya kodi bila kunipigia simu.

Shangazi, wimbo huo tulishausikia. Mwaka 2017 Steven Mnuchin, waziri wa fedha wa wakati ule, aliahidi kwamba punguzo la kodi litajilipa na chenji ibaki ya kupunguzia deni. Aprili 2018 Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani ikapiga hesabu, na ukuaji wa uchumi ikauhesabu humohumo. Jibu likawa nakisi (yaani pengo ambalo serikali inatumia kuliko inavyokusanya) ya ziada ya takriban dola trilioni 1.9 ndani ya miaka 11. Uchumi ulikua kidogo, sawa, nakubali. Ulirudisha sehemu tu ya kilichotoka.

Ila kinachonipandisha hasira ni ujanja wa tarehe. Ili sheria ya 2017 ipite Seneti kwa wingi wa kawaida badala ya kura 60 kati ya 100, ilikatazwa kuongeza nakisi baada ya miaka 10. Wakafanyaje? Kampuni wakazishushia kodi kutoka asilimia 35 hadi 21, bila tarehe ya mwisho. Nafuu nyingi za watu binafsi wakaziandikia mwisho: 31 Desemba 2025. Kwenye karatasi gharama ikaonekana ndogo, kwa sababu kwenye karatasi punguzo linakufa.

Mwaka 2025 ukafika, na ukawa wakati wa kurefusha, kwa hii sheria mpya ya Trump. Maseneta wa Republican wakasema kwamba kurefusha punguzo lililopo hakuna gharama, kwa kuwa watu wameshalizoea. Takriban trilioni 3.8 zikaandikwa sifuri! Mwanachama wa kikoba akikopa mpaka Desemba, Desemba akachukua tena kiasi kilekile na kusema "hili si deni jipya, mlishalizoea", mweka hazina angemtoa nje ya mkutano. Seneti ikagawana 50 kwa 50, makamu wa rais JD Vance akaongeza kura yake, ikapita. Ofisi ileile ya Bajeti, kwa hesabu ya kawaida, ikasema sheria nzima itaongeza nakisi kwa trilioni 3.4 katika miaka 10, kabla ya riba. Na sheria hiyohiyo ikapandisha kikomo cha deni kwa trilioni 5. Sheria inayojilipa inahitaji nafasi ya kukopa trilioni 5 ya nini?

Najua nitajibiwa kwamba tatizo ni matumizi. Ni kweli, wazee wanaongezeka na gharama za pensheni na matibabu yao zinapanda, na Democrats nao si watakatifu. Ushuru wa forodha unaingiza fedha, ndiyo, nao ni kodi tunayolipa dukani. Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, imekatwa vibaya na bado tundu halijazibika. Mwaka wa fedha 2024, riba peke yake ilizidi matumizi ya ulinzi.

Halafu, kwa sheria hiyohiyo, wakatukumbuka sisi tunaotuma hela nyumbani. Tangu Januari 2026, ukienda kwa wakala na noti mkononi kumtumia mama hela Tanga au Kisumu, unakatwa asilimia 1. Walianza na pendekezo la asilimia 5, kwa hiyo tushukuru. Ukituma kutoka akaunti ya benki hukatwi, maana yake anayeumia ni yule anayelipwa taslimu. Kodi hiyo ilikadiriwa kuleta kama dola bilioni 10 kwa miaka 10. Iweke kando ya trilioni 3.4 uone inaziba nini.

Na ule msamaha wa kodi kwenye bakshishi, wa sheria hiyohiyo, ambao wengi wenu mnaoendesha Uber mmeushangilia? Unaisha mwishoni mwa 2028. Tarehe ileile ya kupunguza gharama kwenye karatasi, na 2028 ni mwaka wa uchaguzi wa rais. Ahadi yenyewe Trump aliitoa Las Vegas. Hebu nitajieni mgombea mmoja, wa chama chochote, atakayerudi Las Vegas kuwaambia wahudumu wa hoteli kwamba muda wao umekwisha.