Vidonge vya siku 30

Jumanne iliyopita nilimpeleka Mama kliniki ya presha hapa mjini. Nasema "nilimpeleka" kwa mazoea tu. Safari yake ilianza Jumatatu alfajiri huko kisiwani Ukara, Ziwa Victoria: kivuko hadi Bugolora kisiwani Ukerewe, bodaboda hadi Nansio, kisha meli ya kuja hapa Mwanza, saa tatu na ushee majini. Na tangu kivuko cha MV Nyerere kipinduke palepale Ukara Septemba 2018 na kuondoka na watu zaidi ya 200, Mama havuki bila rozari mkononi. Sasa mtu huyo ukimpima presha kesho yake asubuhi, unapima nini?

Tulikaa foleni tangu saa 12. Saa 7 mchana akaitwa. Akafungwa ule mkanda, akaulizwa kama anapunguza chumvi, akaandikiwa vidonge vilevile vya mwezi uliopita. Dakika nne, nilihesabu. "Bibi, turudi mwezi ujao." Dawa za siku 30.

Bure, maana ni mzee. Tunashukuru mno. Ila nauli, chakula cha njiani na hela ya kijana anayebaki kumwangalizia ng'ombe vilinitoka elfu sitini na kitu, wakati vidonge vyenyewe havifiki bei ya sato mmoja wa maana pale soko la samaki la Mwaloni.

Jioni, tukila, ndipo akaniambia bila hata kuona haya kwamba huwa anameza siku moja, anaacha siku moja. "Ili nisije nikasumbuka kuvuka kila mwezi, mwanangu." Nikaweka tonge chini.

Hasira yangu ni hii: dawa ya tatizo hilo tunaijua, na tunaitumia nchi hii hii. Nendeni CTC, kliniki za wanaoishi na VVU. Anayetumia ARV, dawa za kufubaza virusi, akishatulia anapewa za miezi mitatu, hata sita. Kuna watu walikaa chini wakaona nauli ya kila mwezi inawaachisha wagonjwa dawa, wakabadilisha utaratibu. Wa presha na sukari wamekosa nini? Au wao boti inawabeba bure?

Muuguzi mmoja, dada mpole kweli, alinieleza kwamba wakigawa za miezi mitatu kwa kila mtu, stoo inakauka wiki ya pili. Haya, nakubali, shingo upande. Lakini Mama atameza vidonge 90 kwa miezi mitatu, viwe stoo kwenu au kwenye kopo lake. Agizeni zaidi mara moja tu, mwanzoni, baada ya hapo hesabu ni ileile. Na presha yake ipimwe zahanati ya kijijini, mkanda upo, wakiona imepanda wapige simu.

Bima ya afya kwa wote? Naiunga mkono, na sheria yake ya 2023 pia. Hailipi kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi, lile linalovuka ziwa? Zuri mno, hongera ndugu zetu wa Sengerema, mmepumua. Sisi wa visiwani bado tunaangalia mawingu.

Kadi ya kliniki inasema arudi tarehe 14. Jana Mama amepiga simu kuuliza kama nimesikia utabiri wa upepo wa wiki hiyo. Nikamuuliza amebakiwa na vidonge vingapi. Akakata simu.