Daumier alipokatazwa kumcheka mfalme

Wengi wanaomsifu Honoré Daumier, mchoraji vibonzo Mfaransa, huanza na mchoro wake wa mwaka 1831, unaomwonyesha mfalme Louis-Philippe wa Ufaransa akiwa jitu lenye tumbo kubwa, huku vikapu vya fedha za walalahoi vikipandishwa kwenye ubao hadi kinywani mwake. Mchoro huo ulimponza Daumier, akahukumiwa kifungo cha miezi sita. Kwa maoni yangu, hata hivyo, kazi yake yenye makali zaidi ni ile aliyoifanya baada ya kuzibwa mdomo.

Septemba 1835, kufuatia jaribio la kumuua mfalme, sheria ilitaka kila mchoro upewe kibali kabla haujachapwa. Gazeti la Le Charivari, alilolichorea Daumier na lililoanzishwa na Charles Philipon, likayaacha ya ikulu na kugeukia ya mitaani. Ndipo alipotokea Robert Macaire, tapeli aliyeazimwa kutoka jukwaa la maigizo, ambaye katika michoro 100 leo ni wakili, kesho anauza hisa za kampuni hewa, keshokutwa ni daktari. Kumcheka mfalme hakumgusi msomaji. Kumcheka Macaire kunamlazimu amkumbuke jirani yake, na pengine ajikague mwenyewe.

Ninayoipenda kuliko yote ni michoro ya mawakili na mahakimu ya 1845 hadi 1848. Daumier aliwafahamu watu hao kwa karibu, kwa kuwa utotoni alikuwa tarishi wa dalali wa mahakama mjini Paris. Katika mmoja, mwanamke aliyeshindwa kesi analia, na wakili wake, aliyevaa joho, anamfariji kwamba ni kweli ameshindwa, lakini bila shaka amefurahia kumsikia akitetea. Joho lile jeusi lina uzito wake. Daumier alichora kwa chaki yenye mafuta juu ya jiwe la chokaa, jiwe likaloweshwa maji, na wino ukashika penye mafuta tu, hivyo kila mkwaruzo wa mkono wake ukabaki karatasini.

Simtetei katika yote. Mwaka 1844 aliwageukia wanawake waandishi, na katika mchoro mmoja mama ameinamia karatasi zake, amezama katika utunzi, ilhali nyuma yake mtoto ametumbukia kichwa chini ndani ya beseni la maji. Umechorwa kwa ustadi, nami nakiri kwamba nilicheka kabla ya kujizuia. Lakini wakili yule alikuwa na joho, ada na mahakama nyuma yake, ilhali mwanamke huyu, katika nchi ambayo haikuwapa wanawake kura hadi 1944, alikuwa na kalamu tu, na hiyo ndiyo aliyochekewa. Baba wa mtoto haonekani popote katika mchoro huo, wala Daumier hakuona haja ya kumuulizia.