Presha ya mzee nayo ni presha

Kuna hesabu inayozunguka sana majumbani mwetu: chukua 100, jumlisha na umri wako, hiyo ndiyo presha yako. Kwa hesabu hiyo bibi wa miaka 70 akipimwa 170 anaambiwa yuko sawa, ni uzee tu. Hayuko sawa, na naamini kauli hii inatupotezea wazee kwa kiharusi ambacho kingezuilika.

Ni kweli kwamba kwa wengi presha hupanda na umri. Mishipa mikubwa hukakamaa, haitanuki vizuri moyo unaposukuma damu, basi namba ya juu inapanda. Ya chini, inayopimwa moyo ukipumzika kati ya mapigo, hupanda hadi kwenye miaka ya hamsini hivi, kisha huanza kushuka. Ndiyo maana mzee hupata 165 kwa 75, akafarijiwa kwamba ya chini ni nzuri. Ile ya juu peke yake inatosha kumletea kiharusi.

Tena si umri pekee unaopandisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuatilia Waluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Presha zao zilikuwa juu kuliko za wenzao waliobaki nyumbani, na tofauti ilijitokeza ndani ya miezi michache. Nani huzeeka kwa miezi michache? Kilichobadilika ni maisha: chumvi iliongezeka mwilini, potasiamu, madini yapatikanayo kwenye matunda na mboga, ikapungua.

Kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani linahesabu 140 kwa 90, ikipimwa siku mbili tofauti, kuwa presha ya juu, uwe na miaka 25 au 75. Wamarekani tangu 2017 wanaanzia 130 kwa 80. Watoto wadogo ndio wenye jedwali lao, kufuatana na umri, jinsia na urefu.

Umri una nafasi yake kwenye matibabu. Mzee dhaifu anayepata kizunguzungu akisimama huanzishwa dawa taratibu, kwa kuhofia asianguke. Lakini waliopita miaka 80 nao hufaidika: utafiti wa HYVET wa 2008 ulionyesha vifo vikipungua kwa takriban moja ya tano.

Kwa hiyo ukimpeleka mama au babu kupimwa, akae kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, bila mazungumzo. Andika namba zote mbili. Ukiambiwa "ni umri tu", uliza atarudi lini kupimwa tena.