Majogoo Tisini na Tatu

Mimi ni mkaguzi wa ndani katika ofisi moja ya umma, na kazi yangu kwa sehemu kubwa ni kuwauliza watu wazima maswali yanayowatoa jasho. Nauliza stakabadhi iko wapi. Nauliza aliyepokea mzigo aliufungua na kuukagua au aliiamini karatasi tu, na akikiri kwamba aliamini, namwandikia hoja. Nayataja haya mapema ili msomaji, atakapofika mbele, ajue ni mtu wa namna gani aliyelea majogoo kwa wiki kumi na tisa akisubiri mayai.

Nilihamia Dodoma mwaka 2017, katika lile wimbi lililofuata tangazo la Julai 2016 kwamba sasa serikali inahamia kweli makao makuu, jambo ambalo kwenye maandishi lilikwisha kuamuliwa tangu 1973. Nilipata kiwanja Nzuguni, nikajenga, na kila nilipotoka jioni niliona kibanda kipya cha chipsi. Mji ukijaa wageni hula chipsi mayai, na mtu mwenye akili, nikajiambia, hauzi chipsi bali mayai. Nikaandika mpango wa biashara wenye kurasa kumi na nne na jedwali: vifaranga 100, vifo asilimia 5, utagaji asilimia 85, yaani mayai 80 kwa siku, ambayo ni trei mbili na mayai ishirini ya juu. Mke wangu aliusoma wote, kisha akauliza kama nimewahi kufuga kuku. Nilimjibu kwamba kanuni za usimamizi ni zilezile.

Kifaranga wa mayai wa siku moja wakati ule alipatikana kwa zaidi ya shilingi 2,500. Mimi nilimpata muuzaji aliyeniuzia kwa 1,000, bila hata kubishana sana. Ofisini, mzabuni akileta bei ya namna hiyo naomba faili lake siku hiyohiyo. Lakini bei ya chini ikikuangukia wewe mwenyewe huioni kuwa ni shaka, unaiona kuwa ni kipaji chako cha kupatana.

Nilifungua boksi mbele yake, kwa sababu mimi si mtu wa kupokea mzigo bila kuukagua. Vifaranga walikuwa 100 kamili, wote wa njano safi, isipokuwa mmoja aliyekuwa wa rangi ya hudhurungi. Nikamwambia muuzaji kwamba mzigo haulingani, na kwamba huyu mmoja ana kasoro. Alinitazama kwa muda, kwa macho ambayo wakati ule niliyadhania kuwa ya heshima, kisha akaniongezea wa njano mmoja bure na kuniambia yule wa hudhurungi nimchukue tu kama nyongeza. Nikaandika kwenye daftari: vifaranga 101, mmoja mwenye dosari.

Ilikuwa Julai, na anayeijua Dodoma anajua upepo wa Julai unavyopenya hata ukutani. Niliweka majiko ya mkaa yaliyofunikwa kwa vyungu, nikatandaza maranda, nikalala bandani usiku mitatu nikichochea mkaa na kuhesabu. Chanjo ya mdondo niliitoa siku ya saba, ya gumboro siku ya kumi na nne, zote zikiwa na sahihi yangu kwenye kadi, na sahihi ya pili ya mwanangu wa darasa la tano kama shahidi. Chakula nilichanganya mwenyewe: pumba za mahindi kutoka Kibaigwa, mashudu ya alizeti, dagaa, chumvi. Walikufa saba, wote wa njano. Yule mwenye dosari hakupata hata mafua.

Walipofika wiki ya saba, panga zao kichwani zilianza kukua na kuiva wekundu. Nilifungua kijitabu cha ufugaji nilichopewa kwenye semina, nikasoma kwamba upanga kuwa mwekundu ni dalili ya kuku kukaribia kutaga. Kijitabu kilisema pia kwamba kuku wa mayai huanza kutaga karibu na wiki ya kumi na nane hadi ishirini, kwa hiyo nilihitimisha kwamba wangu wametangulia ratiba, na nikahusisha jambo hilo na dagaa. Kesho yake nilitangaza ofisini. Wenzangu kumi na wanne waliagiza trei ishirini na mbili kwa shilingi 8,000 kila moja, wakalipa kabisa, nami nikawaandikia stakabadhi. Bosi wangu, mama mpole ambaye husoma kila waraka mara mbili, alilipia trei moja, na stakabadhi yake aliikunja akaiweka kwenye pochi.

Alfajiri moja mwezi wa Oktoba, jogoo akawika bandani. Sikushtuka. Katika ukaguzi kipo kiwango cha kosa kinachovumilika, na jogoo mmoja katika kuku 94 ni takribani asilimia 1. Baada ya siku mbili waliwika wanne. Baada ya wiki sikuweza kuwahesabu, nikaamua kwamba wengine ni wa jirani na upepo unaleta sauti.

“Baba,” mke wangu aliniambia gizani, “jirani hafugi kuku.”

Nilimwambia kwamba kuku wa kisasa wana tabia zao.

Wiki ya kumi na nane niliwabadilishia chakula, nikawapa cha kutagia chenye chokaa ya kutosha kuimarisha ganda la yai. Fundi aliniundia viota ishirini vya mbao, na kwa kuwa nilisoma kwamba kuku hupenda faragha anapotaga, nilivishonea mapazia. Gharama ya mapazia naomba nisiitaje. Kisha nikawaalika wenzangu waje Jumamosi kuuona mradi kabla ya trei za kwanza kutoka.

Walikuja sita pamoja na bosi. Jirani yangu, mzee wa Kigogo ambaye tangu nihamie alikuwa akinisalimu tu kwa mbali, aliona magari, akavuka barabara na fimbo yake. “Mbukwenyi,” akatusalimu, tukaitikia. Nilitoa hotuba fupi, nikataja asilimia 85, nikafungua mlango wa banda. Mwanga ulipoingia, walisimama wote, vifua mbele, mikia imepinda kama mundu, wakawika kwa pamoja. Mama mmoja wa uhasibu alidondosha soda.

Mzee alisubiri kelele zipungue.

“Mwanangu, hawa unawapeleka mnadani lini?”

“Hapana, mzee. Hawa ni wa mayai.”

Aliingia kidogo, akawatazama, akatazama viota, akainua pazia moja kwa ncha ya fimbo, akalishusha taratibu kama mtu aliyekosea chumba cha wageni.

“Wa mayai,” akarudia. “Sasa mwanangu, atakayetaga ni nani?”

Hakuna aliyecheka mpaka bosi alipocheka.

Afisa mifugo alinieleza Jumatatu, akijitahidi kuutawala uso wake, kwamba katika mbegu hizi za kuku wekundu wa mayai jinsia huonekana kwa rangi siku ileile kifaranga anapototolewa: jike huwa wa hudhurungi, dume huwa wa njano. Madume hutengwa na kuuzwa kwa bei ya chini. Mimi nilikuwa nimekagua boksi zima kwa makini na kumkataa jike pekee aliyekuwamo.

Majogoo tisini na tatu niliyapeleka mnada wa Msalato kwa Jumamosi tatu, ya mwisho ikiwa kabla ya Krismasi. Mbegu ya mayai hainenepi. Inakula kama mkwe na mwili hauongezeki. Mchoma nyama mmoja alimnyanyua jogoo kwa miguu, akampima kwa mkono, akaniuliza huyu alikuwa anakula nini. Nilisema chokaa. Nilichopata kiliwarejeshea wenzangu fedha zao na kulipa sehemu ya deni la mashudu. Bosi peke yake alikataa kurejeshewa. Alisema ana stakabadhi ya trei ya mayai, na angependa trei ya mayai.

Yule mwenye dosari alianza kutaga wiki ya kumi na tisa, kwenye kiota cha kwanza kushoto, nyuma ya pazia. Alitaga karibu kila siku, nasi tukayaweka kwenye friji moja moja, kila yai likiwa limeandikwa tarehe kwa penseli. Mwishoni mwa Desemba nilifikisha trei ofisini na kumwomba bosi asaini hati ya kupokelea. Alivaa miwani, akayahesabu mara mbili, kisha akaandika chini ya jina lake: “Nimepokea mayai 29. Pungufu yai 1. Toa maelezo ndani ya siku 21.”