Rwenzori si mgonjwa wa kuagwa

Wiki hii nimekuta tangazo la safari za Rwenzori, milima yetu ya magharibi mwa Uganda, limebandikwa hapa Kasese mjini: wahi kilele cha Margherita, uone barafu kabla haijaisha. Limenichoma. Tangu lini watu wakaalikwa mlimani kama wanaokwenda kumuaga mtu kitandani?

Kwamba barafu inayeyuka, sibishi. Mwaka 1906, Mwanamfalme wa Abruzzi alipopanda na Waitaliano wake, barafu zilikuwa zaidi ya 40. Leo iliyobaki ni kidogo, nayo karibu yote iko kwenye mlima Stanley, wenye kilele hicho cha Margherita. Mkonzo, mwenyeji wa milima hii, aliyekua akisikia kwamba mungu wetu Kitasamba anakaa kule juu kwenye theluji hahitaji bango limweleze anachopoteza.

Ila ukimwambia mgeni kwamba barafu ndiyo mlima, unamnyima mlima wenyewe. Nimewaona wageni wakipita bonde la Bujuku vichwa chini, mbiombio, lobelia zilizowapita kimo ziko kushoto na kulia na hakuna anayesimama. Wamepunguza siku ili wawahi kileleni, kwa hiyo wanafika kambi ya Elena, chini ya kilele, vichwa vinawapasuka kwa kutozoea hewa nyembamba ya juu. Ukungu ukifunga asubuhi ile, kilele cha mita 5,109 hawakioni, wanashuka wakilalamika kwamba safari imeharibika. Imeharibika kwa lipi? Umevuka kinamasi cha Bigo kwa miguu yako, umelala chini ya mlima Baker, bado unasema hujaona kitu!

Panda njia ya Kilembe hadi Mutinda, mita 3,975. Huhitaji kamba wala shoka la barafu. Unatoka kwenye mianzi, unaingia kwenye miti ya erika inayoning'iniza ndevu za kijani, halafu unapanda miamba inayoteleza kando ya kijito mpaka juu. Ukiwahi kabla mawingu hayajapanda, mji wa Kasese na Ziwa George viko chini yako. Mimi pale huwa sitamani kushuka.

Najua, pesa ya mgeni wa Margherita ndiyo inayolipa karo ya watoto wa wapagazi wengi. Nakubali, ingawa kwa shingo upande. Lakini tukiwazoesha wageni kwamba pasipo barafu hakuna Rwenzori, siku barafu ikiisha wapagazi hao watabeba mizigo ya nani? Swali hili wanaouza safari hawaligusi. Wanauza kilichobaki, kisha watahamia mlima mwingine. Sisi tutabaki hapa na Nyamwamba, mto uliobomoa nyumba zetu mwaka 2013 na ukarudi tena 2020.

Tena wangapi kati yetu tumewahi kuvuka lango la hifadhi? Watoto wanasoma shule ambazo madirisha yake yanatazama milima hii, wanamaliza sekondari bila kukanyaga hata msitu wa chini. Walimu, nawaomba kwa dhati: Januari mvua hupungua. Wapelekeni, hata kwa siku moja. Wavae gambuti, maana viatu vya kawaida vitabaki kwenye tope, na mtafuteni mzee wa Kikonzo awatangulie, awatajie miti kwa majina yake.