Sukari ya Uganda, Miwa ya Kenya: Mtaji Binafsi Ulikopitia

Serikali ya Kenya ilipokodisha viwanda vyake vya sukari vya Nzoia, Chemelil, Muhoroni na SONY (Nyanza Kusini) kwa wawekezaji binafsi kwa miaka 30 mwaka 2025, wengi katika ukanda huu wa miwa walisema tumechelewa. Uganda, walisema, iliwaachia wenye mitaji kazi hiyo zamani, na ndiyo maana sukari yake huvuka mpaka wa Busia na kuuzwa hapa Kisumu. Hoja hiyo ina ukweli, ila inaruka miaka ambayo ingeivuruga.

Nchi zote mbili zilianza na mtaji binafsi: hapa Kenya kiwanda cha Miwani kilianzishwa mwaka 1922, na kule Uganda, Lugazi mwaka 1924 na Kakira mwaka 1930. Baada ya uhuru njia zikaachana. Kenya ilijenga viwanda vya umma kuanzia Muhoroni hadi Awendo kwenye SONY, ikakusudia kumpatia mkulima mdogo kipato, na Mumias peke yake ikafikia kutoa zaidi ya nusu ya sukari ya nchi. Uganda, Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972, na uzalishaji uliokuwa umefikia takriban tani 150,000 mwaka 1970 ukaporomoka hadi chini ya tani 3,000 mwaka 1984. Aliyelinganisha nchi hizi mwaka huo angeondoka akiusifu uwekezaji wa serikali ya Kenya.

Familia za Kiasia za Madhvani, wenye Kakira, na Mehta, wenye Lugazi, ziliporudi Uganda, hazikurudia mitambo mibovu tu, bali mashamba makubwa yaliyo chini ya viwanda vyenyewe. Naona hapo ndipo penye tofauti kubwa kuliko suala la nani mmiliki. Kwetu kiwanda hutegemea zaidi mkulima wa ekari mbili tatu, ambaye shamba lake limegawanywa kwa wana, na muwa humngoja miezi 18 hadi 24 kabla ya kukomaa. Ukishakatwa haungoji tena: katika barabara ya Awasi kuelekea Chemelil nimewahi kupita trela lililoharibika likiwa limesheheni miwa, na siku ya tatu nikalikuta palepale, watoto wakichomoa mmoja mmoja, huku mwenye shamba akijua kwamba mizani itampunja kwa kila saa inayopita.

Kwa mkulima kama huyo, viwanda binafsi vilivyoongezeka huku, Kibos mwaka 2007 na Butali mwaka 2011, vilikuwa afueni, kwa kuwa sasa alikuwa na mnunuzi wa pili. Hata hivyo, viwanda vya umma vililalamika, na si bila sababu, kwamba vilikopesha mbegu na mbolea, kisha miwa ikavunwa na mwingine. Kuwania miwa kulifika mahali pa kukata iliyo michanga, hata usagaji ukasimamishwa mwaka 2023, na sukari ikashuka kutoka zaidi ya tani 790,000 mwaka uliotangulia hadi chini ya 480,000. Hasara hiyo waliisababisha wa umma na wa binafsi kwa pamoja.

Mumias nayo haimpi ushindi upande wowote. Hisa zake ziliingia katika soko la Nairobi mwaka 2001, na mwaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali ya kampuni iliyoshindwa kulipa madeni. Ilipokodishwa mwaka 2021, aliyeichukua alikuwa kampuni ya Sarrai kutoka Uganda, nchi ileile tunayotakiwa kuiiga. Na huko Uganda kwenyewe mambo si shwari: Busoga, mashariki mwa nchi hiyo, ambako miwa imemeza mashamba ya chakula, kuna malalamiko ya njaa katikati ya mashamba ya kijani, na bei ilipoanguka baadhi ya wakulima wakapakia miwa yao kwenye malori kuja kusagwa upande wetu.

Kwa hiyo, nikiusoma ukodishaji huu wa miaka 30, siangalii sana jina la mwekezaji aliyekodi. Mashamba ya viwanda anayapata, lakini sehemu kubwa ya miwa bado itatoka kwa yule wa ekari mbili. Naangalia iwapo mkataba unambana mwekezaji huyo kupanda miwa, na iwapo stakabadhi ya mizani ya Chemelil itageuka pesa kabla ya karo ya muhula unaofuata.